Mpishi wa Misheni na Maharage ya Marehemu Mkewe

Nilichemsha mbegu. Nalisema mapema ili usije ukanisoma hadi katikati ukidhani mimi ni mtu wa maana. Nilishusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi katika jiko lisilo langu, nikachomoa gunzi lililokiziba, nikamwaga maharage yaliyochanganyika na majivu, nikayaosha vizuri, nikayachemsha yote. Mtoto yeyote wa Njombe anajua kwamba maharage yaliyo kwenye majivu, ndani ya kibuyu, juu ya moshi, si ya kula. Mimi nimesoma somo la kilimo mpaka kidato cha nne.

Maharage yenyewe yalikuwa ya jirani yangu, mzee aliyestaafu upishi wa misheni. Ilikuwa mbegu aliyoachiwa na marehemu mkewe, na kibuyu cha pili hakikuwapo. Nashukuru naandika haya nikiwa nimeshashusha pumzi, maana kwa siku tisa nilitembea mtaani kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Hapa Mjimwema wote tunamwita Mpishi. Ana jina la ubatizo na la ukoo, lakini ukiyataja watu watakuuliza unamtafuta nani. Tumepakana kwa miaka kumi na moja. Kati yetu pana ua wa mabanzi wenye pengo ambalo hakuna anayeliziba, kwa sababu wote wawili tunapitia hapo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu anafundisha shule ya msingi huko Makambako na hurudi Jumamosi. Mimi nabaki na kuku, miparachichi sita na redio. Watu wamenipa cheo cha mlinzi wa nyumba, nami sijakikataa, kwa kuwa ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa.

Labda ndiyo maana tulielewana. Yeye alipikia mapadri na masista kwa zaidi ya miaka thelathini, wengi wao wakiwa wametoka nchi za kando ya bahari ya Mediterania, watu wanaokula maharage yakiwa yamepoa, kwa limau, mafuta na majani mabichi. Mimi ni mwanamume anayepika kwa sababu ndani hakuna mtu mwingine. Kilabuni kwenye ulanzi walikuwa wakimtania kwa kumwita Mama Misheni. Alikuwa anameza funda lake taratibu, anafuta mdomo, kisha anauliza, "Mimi nimelisha maaskofu wawili. Wewe umelisha nani zaidi ya mbwa wako, naye amekonda?"

Alichonifundisha kwa muda mrefu kuliko vyote ni saladi ya maharage. Mwenyewe aliiita saladi ya Ijumaa, maana Ijumaa misheni haikupika nyama. Siku moja niliikuta kwenye simu yangu, imeandikwa kuwa ni chakula cha dakika kumi: fungua kopo, chuja, changanya, kula. Nilimpelekea mbio. Alivaa miwani, akatazama, akavua miwani. Akasema, "Huyu hakusema nani alimchemshia." Kwa Mpishi, chakula cha haraka ni kile kilichoanza jana.

Jana yake ilikuwa hivi. Maharage unayaloweka jioni, asubuhi unamwaga maji yale, unatia mapya, unachemsha bila magadi. Magadi aliyachukia kama watu wanavyomchukia shemeji mlevi. Alidai yanalainisha maharage kwa kuyavunja moyo. Huku kwetu juu kwenye baridi maharage hayana haraka, yanataka saa mbili na ushee, na asiye na subira alimshauri ahamie Makambako kwenye joto. Kujua kama yameiva hakung'ata. Alichota punje tatu kwenye kijiko akazipuliza; ngozi ikijikunja, tayari. Kisha aliyaacha yapoe ndani ya maji yake, kwa sababu ukiyachuja yakiwa yanatokota yanashtuka na kupasuka. Yakifika uvuguvugu wa maziwa ya mtoto ndipo anayachuja na kuyakamulia limau papo hapo.

"Ya uvuguvugu yanakunywa," alikuwa akisema. "Ya baridi yanaoga tu."

Baada ya hapo ndipo zinapokuja dakika kumi zenyewe. Kitunguu chembamba kilichokaa kwenye chumvi na limau mpaka kikaacha ukali. Tango. Nyanya iliyotolewa mbegu. Pilipili hoho moja, si mbili, na hapa hakujadiliana na mtu. Majani ya giligilani yaliyoota yenyewe pale maji ya bomba yanapomwagika. Mafuta ya zeituni ya misheni yalikuwa yakija kwa sanduku kutoka ng'ambo na kufungiwa kabatini pamoja na divai, kwa hiyo yeye alizoea alizeti; siku hizi anatia mafuta ya parachichi na kutangaza kwamba hata mapadri walikuwa wakiyatafuta haya, hawakujua tu. Zeituni zenyewe hazipendi. Anaziita macho ya mbuzi aliyekufa kwa huzuni. Badala yake anakata jibini la hapa Njombe, vipande vidogo visivyozidi ukubwa wa punje, ili kijiko kisichague.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa hawezi kujipikia.

Sitanii. Nyumbani kwake, enzi za mkewe, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jiko. Alikuwa anakaa nje ya mlango kwenye kigoda, akitoa maagizo kuhusu moto, na mkewe anaendelea na kazi yake kana kwamba mvua inanyesha. Akizidisha, mwiko ulitoka mlangoni kwanza, mama akafuata. Saladi ya Ijumaa mama huyo hakuwahi kuimeza hata kijiko. Alisema hicho ni kiporo kilichovaa suti. Mpishi alimsimulia kila mgeni maneno hayo, kwa sauti ya malalamiko na uso wa mtu anayejisifu.

Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, Mpishi aliingia jikoni kwake kwa mara ya kwanza kama mwenye nyumba, akagundua kwamba anajua kupikia watu arobaini. Kwa mtu mmoja hakujua aanzie wapi. Wiki ya kwanza alichemsha sufuria ambayo hata mtaa mzima tusingeimaliza. Nilimkuta amekaa mbele yake, kofia mkononi. Nilimwambia atumie kikombe kimoja cha maharage. Alinitazama kama niliyemwambia avue viatu kanisani. "Kikombe kimoja," akasema, "ni cha kuonja." Ilimchukua mwaka kupungua hadi vikombe viwili, na hapo ndipo mimi na yeye tulipoanza kula Ijumaa pamoja, nusu yake na nusu yangu, kwa sababu ya hesabu tu, si kwa sababu ya urafiki. Tulikubaliana kusema hivyo.

Alikuwa na mambo mengine yasiyokaa pamoja. Aliweza kumfukuza mtu mezani kwa kuongeza chumvi kabla ya kuonja, lakini chai yake mwenyewe alitia sukari vijiko sita. Alisema Wazungu hawajui kula, na papo hapo akakata kitunguu kama walivyomfundisha, kucha zimekunjwa ndani. Ni Mkatoliki wa kupiga magoti, lakini Jumapili baada ya misa alipita kunywa chai kwa wazee wa Kilutheri, akisema mafundisho yao yana walakini lakini maandazi yao hayana. Hakuwahi kumsifu mtu kwa maneno mengi. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa kukaa kimya na kumaliza sahani. Miaka kumi na moja, mimi nilikuwa nimeipata mara mbili.

Na alikuwa na kipande chake cha bustani nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita. Huko hakunifundisha chochote, wala hakuniita. Kila msimu alishusha kile kibuyu, akapanda maharage ya mkewe, akavuna, akachagua, akarudisha kibuyuni kwa majivu mapya. Hakula hata punje. Mama alikuwa amepewa mbegu hiyo na mama yake mzazi siku alipoolewa, mchanganyiko wa rangi nne au tano: jekundu lenye madoa, njano, jeupe, na moja la zambarau lenye jicho jeupe ambalo sijaliona sokoni. Huko kwao Mlangali shamba la mama yake lilishageuka miti ya mbao. Msimu uliopita mvua ya mawe ilipiga bustani, na kilichookolewa hakikufika hata nusu ya kibuyu. Hayo yote niliyajua baadaye. Laiti ningeyajua Jumatano.

Jumatano hiyo Mpishi alikuwa Ludewa kwenye mazishi ya mzee mwenzake aliyekuwa mtunza bustani wa misheni. Aliniachia ufunguo nimlishie kuku na kuwasha moto siku atakayorudi, ili nyumba isimpokee na baridi. Mimi nikataka kufanya zaidi. Nilisema moyoni, mtu anatoka msibani, siku tatu amekula ugali wa msiba, akute saladi ya Ijumaa mezani. Kwangu maharage yalikuwa yamekwisha. Ningeweza kwenda dukani, lakini duka lipo nje, na nje, kama nilivyoeleza, si kwangu. Nikainua macho, nikaona kibuyu.

Nilifuata sheria zote. Niliyaloweka. Nilibadili maji. Sikugusa magadi. Nilipuliza punje tatu, ngozi zikajikunja, nikajisikia kuwa mrithi wa kiti. Nilishangaa tu kwamba yalikuwa mazuri ajabu. Rangi zilififia kidogo lakini kila punje ilibaki nzima na alama yake, na kwenye bakuli pamoja na nyanya na jibini ilikuwa kama kitenge.

Alirudi Ijumaa mchana. Alinawa, akakaa, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula. Alipofika katikati aliinua kijiko karibu na macho akauliza maharage haya nimeyatoa wapi. Nikajibu kwa furaha kabisa kwamba nimeyatoa pale juu, kwenye kibuyu, na kwamba ilibidi niyaoshe mara tatu kwa sababu yalikuwa na majivu.

Aliweka kijiko chini. Nilisikia kuku nje. Kisha alikiokota tena, akala, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kumalizwa sahani kwa kimya, na ndiyo pekee niliyotamani irudishwe.

"Umeyachemsha vizuri," alisema. "Hakuna hata moja lililopasuka." Akaegemea kiti. "Yalikuwa ya kupanda."

Alinieleza habari yote kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda kituo cha basi. Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alipomaliza aliinuka, akakitikisa kibuyu sikioni mwake, akakirudisha juu kikiwa kitupu.

Nilichekecha majivu yote niliyokuwa nimemwaga. Nilipata punje mbili, zote zimetobolewa na wadudu. Nikaenda sokoni, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikanunua maharage ya kila rangi kwa kila mama aliyekuwa ameketi pale, nikashinda siku nzima nikichambua hadi nikapata kikombe kilichofanana. Zambarau lenye jicho sikulipata, nikamdanganya kwamba hata kibuyuni niliyaona machache tu. Niliyapaka majivu nikampelekea. Aliyamwaga mezani, akayatenga kwa kidole: haya ni ya Ludewa, haya ya Makambako, haya labda yametoka Mbeya. "Ni mazuri yote," akasema. "Ya kula."

Tulikubaliana jambo moja: Mama Skola asijue. Mama Skola ni jirani wa upande wa pili wa Mpishi, mjane mwenye sauti inayofika kanisani kabla yake. Habari ikimfikia asubuhi, mchana kwaya inaijua, na kwaya zote mbili, ya Wakatoliki na ya Walutheri. Mimi niliogopa jina ambalo ningepewa. Mpishi aliogopa kuhurumiwa. Kwa hiyo alipotuuliza ng'ambo ya ua kwa nini tumenuna kama watu waliogawana urithi, tulimjibu kwamba ni baridi.

Siku ya nane Mpishi alimkumbuka shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayeishi Makambako. Wote wawili walitoka kwa mama mmoja, kwa hiyo lazima naye alipewa. Nilijitolea kwenda. Alinitazama sana, akijua kwamba mara ya mwisho nilipokwenda Makambako mke wangu alidhani kuna msiba. Akasema tutakwenda wote. Alivaa koti la misheni, akakunja mfuko mtupu wa kitambaa akautia mfukoni, na njia nzima aliushika kwa nje ili asiupoteze.

Shemeji tulimkuta kwenye kibanda chake cha vitenge. Alitupokea na kamwene zake, salamu za kwetu, akatuletea viti na chai, akauliza habari za Njombe moja baada ya nyingine, nami nilikuwa nakufa. Mwishowe Mpishi alisema kilichotuleta. Hakunitaja. Alisema, "Kibuyu kimekwisha," basi.

Mimi nikasema ni mimi niliyekimaliza.

Shemeji aliacha kukunja kitenge. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kwanza, halafu akalazimika kushika meza. Alisema yeye hajalima tangu ahamie mjini, analima vitenge. Alipoona uso wa Mpishi, akaacha kucheka, akasogeza kiti chake karibu.

"Shemeji," alisema, "mama yetu alikataza mbegu isilale nyumba moja. Ukiwa nayo peke yako, siku ukiipoteza huna pa kuomba. Dada kila mwaka alikuwa anagawa, vikombe viwili huku, viwili kule. Hukumwona?"

Mpishi alisema alimwona akitoka na ungo kwenda kwa majirani. Alidhani anakwenda kupiga soga.

"Soga zipi hizo zenye ungo?" akauliza shemeji. "Rudini. Anzeni na nyumba iliyo karibu."

Sikumbuki tulivyorudi. Nakumbuka tu kwamba kesho yake asubuhi tulisimama mlangoni mwa jiko la Mama Skola, kofia mikononi, kama wachumba waliokuja kujitambulisha bila mshenga. Mpishi alikuwa amevaa koti lile lile, na mfuko wake umekunjwa. Kama nyumba hii isingekuwa nayo, tungebaki kubisha hodi Mjimwema nzima, mlango hadi mlango, na wengi waliopewa na mama wameshahama au wameshazikwa.

Alimwomba kwa adabu ambayo sijawahi kumsikia akitumia kwa mtu yeyote, hata kwa padri. Alimwambia kila kitu, kibuyu, Makambako, mimi. Mama Skola alikuwa anapepeta; aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na ndoo yenye mfuniko, akamimina juu ya ungo mpaka ukajaa. Majivu yakapaa. Akapeperusha mara moja kwa mkono, na rangi zikatokea: jekundu lenye madoa, njano, jeupe.

Mpishi alichuchumaa. Kwa umri wake si jambo la mara moja. Alishuka kwa awamu. Aliingiza vidole kwenye ungo akatafuta polepole, kama anayetafuta jiwe, na alipovitoa alikuwa ameshika punje ya zambarau yenye jicho jeupe. Aliitia kiganjani. Mabega yake yalishuka, yakashuka tena, na hapo nikagundua kwamba kwa siku tisa yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Yangu pia. Nilikaa chini kwenye kizingiti bila kukaribishwa, nikasikia hewa ikinitoka kama tairi.

Nilimwuliza Mama Skola, ili tu niseme kitu, kama huwa anayapanda kila mwaka. Alisema anayapanda na anayala, kwani maharage ni ya nini. Kisha alichukua mfuko mkononi mwa Mpishi, akaukunjua, akaanza kumpimia kwa kikombe. Alipofika cha tatu alisimama, akatutazama wote wawili, mzee aliyechuchumaa na mimi niliye kizingitini, akasema:

"Miaka minne nawaletea bakuli la maharage haya haya, nimeyaponda, mnamaliza, mnarudisha bakuli mnasema chumvi haikutosha. Wapishi wawili, hakuna ulimi hata mmoja."